Kama huna hela ya tiketi ya tatu, usinunue mbili

Kimya kilikuwa kirefu kwa sababu ya TP. Nilipangiwa shule ya ndani ndani huko, mtandao unaupata ukisimama nyuma ya jiko la shule, tena jioni. Nimerudi salama, namshukuru Mungu, na vumbi la chaki bado liko kwenye mashati. Kidato cha Pili B, kama kuna mmoja wenu anasoma hapa kwa simu ya baba yake, nawasalimu sana. Someni.

Ila leo si siku ya hadithi za TP, hizo zinakuja. Tangu nirudi hapa kampasi nimekuta mada moja tu kwenye korido za hosteli: safari. Msimu wa barua umefika. Huyu kapata muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, yule kapata kozi fupi ya wiki sita, mwingine kaitwa kwenye kongamano. Hongereni sana, mnatutoa kimasomaso. Lakini pamoja na barua hizo kuna ushauri unazunguka kutoka chumba hadi chumba, na kila anayeutoa anautoa kwa sauti ya chini kama siri ya Ikulu: "Usinunue tiketi moja mpaka mwisho, utaibiwa. Nunua ya shirika hili mpaka katikati, halafu nunua ya shirika lingine kutoka pale. Unaokoa laki tatu mpaka nne."

Mimi ushauri huo naupinga. Sisemi ni uongo. Ni kweli kabisa kwamba mara nyingi tiketi mbili ukizijumlisha zinatoka chini ya moja. Ninachosema ni kwamba ile laki tatu hujaiokoa. Umeuza kitu, na wengi wetu hatujui tumeuza nini. Na msimamo wangu nauweka hapa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nao: kama huna hela ya tiketi ya tatu, usinunue mbili.

Kwa wale watakaouliza mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili na Jiografia anajulia wapi mambo ya ndege: likizo mbili nimekaa kwa wakala mmoja wa tiketi mjini, napiga simu, naprinti, nawahi kununua chai. Ukikaa pale miezi mitatu unaona machozi ya kila aina.

Tuanze na kitu tunachokijua wote. Chukulia unatoka Songea unakwenda Tanga. Unakata tiketi ya basi Songea mpaka Dar. Halafu, kwa kuwa umepata dili, unakata mapema tiketi ya basi la kampuni nyingine, Dar mpaka Tanga, kesho yake alfajiri kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Basi la kwanza likapasuka tairi mbili Mikumi, mkalala kwenye nyasi mnaangalia nyani. Unafika Mbezi saa 3 asubuhi, basi la Tanga limeondoka saa 12. Je, utamwendea nani? Kampuni ya kwanza itakwambia, "Sisi ulikata Dar, na Dar tumekufikisha." Ya pili itakwambia, "Sisi tuliondoka kwa wakati, kiti chako kilikuwepo, wewe ndiye hukuwepo." Na ubaya wa hadithi hii ni kwamba wote wawili wana haki. Hakuna wa kumkunjia ngumi.

Tiketi mbili za ndege ndivyo zilivyo. Ni mikataba miwili, na hakuna mkataba unaomjua mwenzake.

Sasa tiketi moja inafanyaje? Mashirika mengi makubwa yana makubaliano ya kupokeana abiria na mizigo. Unaweza ukaruka Mwanza mpaka Dar na shirika moja, ukaendelea na lingine mpaka Ulaya, na bado ikawa tiketi moja. Hapo mambo matatu yanabadilika. Kwanza, begi unaliacha Mwanza na kwa kawaida unakutana nalo mwisho wa safari. Pili, mfumo wa kuuzia tiketi haukubali kukuuzia muda wa kuunganisha ulio mfupi kuliko kiwango cha chini kilichowekwa kwa uwanja ule. Tatu, na hili ndilo kubwa, ndege ya kwanza ikichelewa ukaachwa na ya pili, kukutafutia ndege nyingine ni kazi yao, na hulipi nauli mpya. Hiyo laki tatu unayoiona ni nyongeza, ndani yake mna hilo. Ni kama bima, ila haikuandikwa bima.

Nisimulie kisa kimoja. Mhusika ni dada wa hapa hapa Elimu, mwaka wa tatu, amenipa ruhusa nikiseme bila jina lake. Mashirika nayo siyataji, maana kama nilivyosema hakuna aliyevunja sheria. Dada alipata muhula mmoja Ulaya. Wafadhili walimwambia jinunulie tiketi, tutakurudishia hadi kiwango fulani ukishafika. Nyumbani wakachanga. Akanunua Dar mpaka jiji moja la Ghuba kwa shirika la kwanza, na kutoka pale mpaka Ulaya kwenda na kurudi kwa shirika la pili. Aliokoa shilingi 380,000 na sote tulimpongeza, tukamwita mchumi. Katikati kulikuwa na saa nne, na viza ya kuingia jiji lile alikuwa nayo.

Ndege ya Dar ikachelewa kuondoka saa tatu kasoro. Tatizo dogo la kiufundi, wakaomba radhi, wakagawa juisi. Alipofika kule akapanga foleni ya uhamiaji, akasubiri begi kwenye mkanda, akakimbia nalo mpaka kaunta ya shirika la pili. Imefungwa. Ndege iko pale nje anaiona kwa kioo. Akaambiwa kesho yake aje ofisini. Kesho ofisini kompyuta ikasema neno moja: hakutokea. Nauli hairudi. Halafu likaja pigo ambalo hata mimi nililijulia kwa wakala tu: ukikosa kipande cha kwanza cha tiketi ya kwenda na kurudi, mashirika mengi hufuta vipande vyote vinavyofuata. Kwa hiyo na tiketi ya kurudi nyumbani ikawa imekufa.

Usiku mbili alilala kwenye viti vya uwanja, mkono mmoja kwenye begi. Nyumbani wakachanga mara ya pili. Tiketi mpya ilikuwa shilingi 1,650,000. Mjomba akakopa kikoba, na zilizobaki zikatoka kwenye ada ya mdogo wake aliyekuwa chuo cha uuguzi. Mdogo akaahirisha muhula. Dada alifika, akasoma, akafaulu vizuri tu. Lakini aliniambia kwamba muda wote alipokuwa kule, akipiga simu nyumbani anapokea mdogo wake, maana ndiye aliyekuwa nyumbani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wandugu. Kijana wa wenzetu mwenye kadi ya benki yenye kikomo kikubwa akiachwa na ndege, anakasirika, anatoa kadi, ananunua nyingine, anaandika malalamiko kwenye mtandao, yameisha. Ile mbinu ya tiketi mbili ilibuniwa na watu wa namna hiyo na kwao ina hesabu: safari tisa unaokoa, ya kumi unapoteza, mwisho wa mwaka uko juu. Sisi hatuna safari kumi. Tuna moja. Na nauli yenyewe si yetu, ni ya mjomba, ya kanisa, ya msikiti, ya kikoba cha mama. Kamari unacheza wewe, dau kaweka mwingine, na hajaulizwa.

Ukitaka kujua jinsi muda wa katikati unavyodanganya, tufanye hesabu ya darasa la nne. Ndege ya kwanza inatua saa 4:00 asubuhi. Ya pili inaondoka saa 7:00 mchana. Saa tatu! Unasema nitakula, nitapiga picha. Haya. Mpaka mlango ufunguliwe na utoke, 4:15. Foleni ya uhamiaji katika uwanja mkubwa siku yenye ndege nyingi, weka saa moja, 5:15. Begi kwenye mkanda, nusu saa, 5:45. Kuhama jengo na kuitafuta kaunta, nusu saa nyingine, 6:15. Na kaunta za safari ndefu mara nyingi hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka, yaani saa 6:00 kamili. Umechelewa robo saa, na ndege yako ilitua kwa wakati! Hakuna aliyekosea, hakuna mvua, hakuna tairi. Kwa tiketi moja abiria yule yule angeshuka, akafuata mishale ya kuunganisha, akapita ukaguzi na kukaa kwenye lango lake akisinzia.

Na hapo nimechukulia ni uwanja mmoja. Istanbul ina viwanja viwili, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. London vipo Heathrow, Gatwick, Stansted na vingine. Wala tusiende mbali: Nairobi kuna Jomo Kenyatta na kuna Wilson, na ndege nyingi ndogo za kwenda mbugani na pwani huondokea Wilson. Tovuti inakuandikia jina la jiji kwa herufi kubwa, jina la uwanja kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Hata hapa kwetu Julius Nyerere, tangu jengo la tatu lifunguliwe mwaka 2019 kwa safari za nje, anayetua na ndege ya ndani jengo la pili ana barabara ya kupita na begi lake. Kwa mtu wa Bukoba au Mbeya aliyekata tiketi mbili hiyo barabara ni ndefu sana.

Sasa tuje kwenye viza. Hapa ndipo pasipoti inapoingia, na naomba msome taratibu.

Ukiwa na tiketi moja na begi limeshapita, katika viwanja vingi huingii nchini. Uko kwenye eneo la abiria wanaopita, mgeni wa uwanja tu. Ukiwa na tiketi mbili, begi lako linatoka kwenye mkanda ulio ng'ambo ya dirisha la uhamiaji. Kulifuata begi ni kuingia nchini, na kuingia nchini ni viza. Chukua mfano wa anayekwenda Canada kupitia nchi ya Schengen. Ile orodha ya pamoja ya Schengen ya mataifa ambayo raia wake wanadaiwa viza hata ya kupita tu uwanjani ina Kongo ya Kinshasa, Ethiopia, Somalia na Nigeria. Tanzania na Kenya hazimo. Maana yake Mtanzania mwenye tiketi moja anaweza kupita uwanjani bila viza ya Schengen, ingawa lazima uangalie nchi husika maana baadhi huongeza masharti yao. Mtanzania yule yule mwenye tiketi mbili na begi anahitaji viza kamili, ambayo tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90, ukiacha miadi na safari ya ubalozini. Laki tatu imeshaanza kumeguka kabla hujaondoka. Na asipoijua sheria hiyo, habari yake inaishia kaunta ya Dar, maana shirika linaloangalia karatasi zako linaweza kukataa kukupandisha.

Uingereza ni kali zaidi, Tanzania, Kenya na Uganda zimo kwenye orodha yao ya wanaohitaji viza hata ya kupita uwanjani tu, isipokuwa wenye nyaraka fulani. Marekani yenyewe haina eneo la kupita: kwa kawaida anayetua kutoka nje hupita uhamiaji na huchukua begi lake katika uwanja wa kwanza, hata kama tiketi ni moja na hata kama anaendelea nchi nyingine. Kwa upande mwingine, nisiwe mtu wa kutisha tu. Nairobi na Kigali sisi wa Afrika Mashariki tunaingia bila viza. Kwa hiyo Mtanzania anayeunganisha Nairobi kwa tiketi mbili ana tatizo la muda, hana la viza. Hiyo ni nafuu kubwa na ni vizuri kuijua.

Kuna wataalamu wa sheria hapa kampasi waliniambia, "Dogo, zipo haki za abiria." Ni kweli zipo, na ndizo zinazoniongezea hoja. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Mwaka 2013 mahakama yao ya juu iliamua kesi ya abiria aliyekuwa anatoka Bremen, Ujerumani, kwenda Asunción, Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya kwanza ilichelewa karibu saa mbili na nusu tu. Akaachwa na zilizofuata, akafika mwisho amechelewa saa 11. Mahakama ikasema kinachopimwa ni kuchelewa kule mwisho wa safari, alipwe fidia. Vizuri sana. Lakini alikuwa amehifadhi safari yote kama kitu kimoja. Angekuwa na tiketi mbalimbali, kisheria angekuwa na ndege iliyochelewa saa mbili na nusu, na "mwisho wa safari" yake ungekuwa Paris.

Oktoba 2022 mahakama hiyo hiyo ikaenda mbele zaidi. Wakala alikuwa ameunganisha ndege za mashirika mawili yasiyo na uhusiano wowote kwa safari ile, akatoza bei moja na kutoa tiketi moja. Mahakama ikasema hiyo ni safari moja ya kuunganisha, fidia ipo. Mnaona? Kilichombeba abiria hakikuwa urafiki wa mashirika. Ni ile tiketi moja.

Kwetu huku kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Ibara ya 19 inasema shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zinazostahili kuizuia. Kwa hiyo mwenye tiketi mbili anaweza kujaribu kulidai lile shirika la kwanza. Jaribu basi, ukiwa umekaa kwenye kiti cha uwanja, simu ina asilimia sita, muhula unaanza kesho. Haki unayoidai miezi sita baadaye kwa wakili haikununulii ndege ya jioni hii.

Najua maneno yatakayokuja, maana nayasikia hata sasa kutoka kitanda cha juu. Eti, "Mwalimu, laki tatu kwako ni pesa ndogo?" Hapana, ndugu yangu. Bumu lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022. Laki tatu ni siku 30 za kula, mwezi mzima wa wali maharage. Mtu akinambia sina namna, hizo laki tatu hazipo kabisa na bila tiketi mbili siendi, mimi sitamwambia usiende. Nani amwambie mtu aache nafasi ya kusoma? Nitamwambia basi zinunue kwa akili, uziwekee nafasi ya kuharibika.

Nafasi hiyo ni hivi. Acha usiku mzima katikati, si saa nne. Unganisha mahali ambapo unaruhusiwa kuingia bila viza, au uwe na viza mkononi. Safiri na begi dogo la kuingia nalo ndani ya ndege, maana asiye na mzigo wa kusubiri ana nusu ya matatizo, na wakati mwingine, akiwa na pasi ya kupandia aliyoipata mtandaoni, hahitaji kutoka nje kabisa. Ile ndege ya pili iwe ya njia yenye ndege nyingi kwa siku, si ile inayoruka Jumanne na Ijumaa. Tiketi ya kurudi inunue ukijua kwamba ukikosa ya kwenda inaweza kufutwa. Na wa Mwanza, Bukoba, Mbeya: njoo Dar siku moja kabla, hata kwa basi. Ndugu wa kulala kwake hakosekani, hata kama ni Mbagala.

Jingine ni kujua ulichonunua, maana wapo wenye tiketi mbili wanaodhani wana moja. Tovuti nyingi siku hizi zinaunganisha zenyewe mashirika mawili, bei inaonekana moja, malipo moja, na mahali fulani pamoja na masharti wameandika kwamba abiria atajihamisha mwenyewe. Zingine zinauza dhamana kwamba ukiachwa watakutafutia ndege nyingine. Dhamana hiyo ni ya tovuti, si ya shirika la ndege, isome kabla ya kuitegemea. Hata wakala wa mjini anaweza kukupa namba moja ya uhifadhi, zile herufi na tarakimu sita, ndani yake mna tiketi mbili. Usihesabu namba ya uhifadhi. Tazama namba ya tiketi yenyewe, ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi: Air Tanzania ni 197, Kenya Airways 706, Ethiopian 071. Ukikuta safari ya kwanza ina namba moja na ya pili ina namba ya shirika lingine kabisa, kaa chini umuulize wakala maswali mawili tu: begi langu litaishia wapi? Na ndege ya kwanza ikichelewa, nani ananipa nyingine bila kunitoza? Akianza kuzunguka, umeshajibiwa.

Neno la mwisho si kwenu, ni kwa wakubwa. Wafadhili na ofisi za vyuo zinazoshughulikia safari za wanafunzi, mnapompa kijana kiwango cha nauli na kumwambia ajinunulie, halafu mkamrudishia baada ya kufika, mnamsukuma kwenye tiketi mbili. Atatafuta ya chini kabisa kwa sababu pesa ya kutanguliza ni ya kukopa. Kama mmeshakubali kumlipia masomo, mnunulieni na tiketi moja mpaka mwisho. Na kama hilo ni gumu, basi kwenye ile barua ya masharti yenye kurasa nane ongezeni mstari mmoja: tiketi iwe moja, na tutafidia tofauti. Mstari mmoja tu. Ungemwacha mdogo wa yule dada darasani.

Haya wadau, nimesema sana na wali wa kafeteria unaisha. Wenye uzoefu tofauti waseme, wapo watu wamepita kwa tiketi mbili mara tano bila mkwaruzo na wana haki ya kunipinga. Wiki ijayo Mungu akipenda nitaleta zile hadithi za TP, ikiwemo ya mkaguzi aliyekuja siku ambayo ng'ombe waliingia darasani.

Nawasilisha.